Sahani za Siti binti Saad: Ushahidi Tuliouacha

Mwaka 1928 yalitukia mambo mawili yaihusuyo lugha yetu. Mkutano wa Mombasa ulipendekeza Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu. Na huko Bombay, Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alinaswa sauti katika sahani za santuri. La kwanza twalifundisha. La pili tumewaachia wapenzi wa taarab.

Nalizisikiliza baadhi ya nyimbo hizo Kiwengwa, barazani kwa mzee mmoja. Wimbo wa “Kijiti”, uhusuo mauaji ya mwanamke, nalikuwa nimeusoma mara nyingi; lakini karatasi haikunionyesha pumzi ikatwapo, wala silabi ivutwapo hata kituo cha mstari kikahama.

Sisemi ushahidi huu hauna dosari. Mikwaruzo hufunika konsonanti, upande mmoja wa sahani hauchukui utungo mrefu, na uimbaji si usemi wa kila siku. Hata hivyo, Shaaban Robert alituhifadhia wasifu wake kwa kalamu; sauti yenyewe yataka masikio. Sahani huvunjika, na wazee wajuao maneno yake hupungua. Basi tuzinakili, tuwaulize wangali hai.