Euclid na Kinachobaki

Mezani pa Euclid pana vyombo viwili, rula na bikari. Rula yake haina alama hata moja. Haipimi chochote, kazi yake ni kuunganisha nukta mbili kwa mstari mnyoofu, na kuurefusha mstari ambao umekwisha kuchorwa. Bikari nayo huzungusha duara kutoka kitovu kilichotajwa kwa umbali uliotajwa, basi. Ukiiinua, ichukulie kuwa imejifumba na kipimo ilichokishika kimepotea. Kwa vyombo hivyo, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, mjini Iskanderia nchini Misri, wakati wa utawala wa Ptolemy wa Kwanza, aliandika Elements, vitabu 13 vyenye hoja 465.

Kabla ya kuchora mstari wa kwanza anapanga kazi yake. Anaeleza nukta ni nini, mstari ni nini, duara ni nini, mpaka mistari sambamba. Kisha anamwomba msomaji amkubalie mambo matano. La kwanza, nukta yoyote iweze kuungwa na nyingine kwa mstari mnyoofu. La pili, mstari uweze kurefushwa. La tatu, duara liweze kuchorwa kwa kitovu chochote na umbali wowote. La nne, pembe mraba zote ziwe sawa. La tano ni refu, nalo linahusu mistari miwili inayokatwa na wa tatu: upande ambao pembe mbili za ndani kwa jumla hazifikii pembe mraba mbili, ndiko mistari hiyo itakakokutana ikirefushwa. Hili la tano analiweka kando kwa muda mrefu.

Hoja ya kwanza ni ya kuutia mkono joto. Amepewa mstari AB. Anaweka ncha ya bikari kwenye A na kuzungusha duara linalopita B, kisha anaihamishia kwenye B na kuzungusha linalopita A. Maduara yanapokatana anapaita C, halafu anaunga C na A, C na B. AC ni sawa na AB, maana zote ni nusukipenyo za duara la kwanza. BC nayo ni sawa na AB kwa sababu ya duara la pili. Vitu viwili vinavyolingana na kitu kimoja hulingana vyenyewe kwa vyenyewe, kwa hiyo pande zote tatu ni sawa. Pembetatu imekamilika, na hakuna mahali alipohitaji kusoma kipimo.

Hoja ya pili ndiyo ninayoirudia kila mara. Anataka jambo ambalo fundi yeyote hulifanya bila kufikiri: kuna mstari BC hapa na nukta A pale, achore kutoka A mstari wenye urefu ule ule wa BC. Mtoto wa shule mwenye mkebe wa hisabati angetanua bikari yake kwenye BC, akaiinua, akaishusha kwenye A. Euclid hawezi, kwa kuwa hakuomba ruhusa ya kubeba kipimo hewani, na asichokiomba hakitumii.

Basi mtazame anavyofanya. Anaunga A na B. Juu ya AB anajenga pembetatu ya pande sawa, ile aliyotoka kuifundisha, na ncha yake ya tatu anaiita D. Anaurefusha mstari DA kupita A, na DB kupita B. Ncha ya bikari anaiweka B, anazungusha duara lenye nusukipenyo BC. Linaukata mstari DB uliorefushwa mahali anapopaita G. Sasa BG ni sawa na BC. Kisha anaiweka ncha kwenye D na kuzungusha duara kubwa linalopita G. Linaukata mstari DA uliorefushwa kwenye L. DL na DG ni nusukipenyo za duara moja, kwa hiyo ni sawa. DA na DB ni pande za pembetatu, nazo ni sawa. Ondoa DA kwenye DL, ondoa DB kwenye DG. Vinavyobaki, AL na BG, ni sawa. Na BG ilikuwa sawa na BC.

Ameupata mstari wake. Imemgharimu maduara manne, mawili ya pembetatu na mawili ya kuhamisha kipimo. Angeweza kabisa kuongeza ombi la sita, kwamba bikari ibaki wazi ikiinuliwa, na pengine hakuna ambaye angemnyima. Aliona kwamba jambo hilo linaweza kutengenezwa kwa yale aliyokwisha kupewa, akalitengeneza. Na angalia lilipotokea jibu: halikuchorwa moja kwa moja. Alichora mistari mikubwa miwili iliyo sawa, akaikata vipande vilivyo sawa, akaangalia kinachobaki.

Uvumilivu huo huo ndio unaoliongoza lile ombi la tano. Kitabu cha kwanza kina hoja 48, na hoja 28 za mwanzo zinapita bila yeye kuligusa. Analiita kazini kwenye hoja ya 29, inayohusu pembe za mistari sambamba, pale ambapo hana njia nyingine. Wahakiki wa baadaye wameonyesha kwamba si kila kitu alikitamka. Hakuna ombi kati ya yale matano linalohakikisha kwamba maduara mawili ya hoja ya kwanza yatakatana, na David Hilbert, katika kitabu chake cha mwaka 1899 kuhusu misingi ya jiometri, aliyaandika wazi mambo kadhaa ambayo Euclid aliyategemea kwa kuyaona kwenye mchoro tu. Ukosoaji huo ni wa haki. Kwangu mimi unaonyesha pia ukubwa wa kazi, maana ilichukua zaidi ya miaka 2,000 kuikagua mpaka chini.

Kitabu cha saba, cha nane na cha tisa ni vya namba, lakini meza haibadiliki. Namba ameziweka kama mistari yenye herufi, na neno analolitumia kila mara ni kupima. Namba moja huipima nyingine ikiwa ukiirudia mara kadhaa unaimaliza bila kubakiza kitu: 3 huipima 12, haiipimi 13. Moja yenyewe kwake si namba. Ndiyo kipande ambacho namba zote zimejengwa nacho. Na namba tasa ni ile inayopimwa na moja peke yake.

Chombo cha kwanza anachokitengeneza huku ni cha kutoa. Mpe mistari miwili, mmoja wa 119 na mwingine wa 84. Toa mdogo kwenye mkubwa: inabaki 35. Toa 35 kwenye 84 mara mbili: inabaki 14. Toa 14 kwenye 35 mara mbili: inabaki 7. Saba inaimaliza 14 bila kubakiza, kwa hiyo 7 ndiyo kipimo kikubwa kuliko vyote kinachoipima 84 na 119. Hicho ndicho kigawo kikubwa cha shirika tunachofundishwa shule ya msingi. Euclid anakipata bila kugawa, kwa kutoa na kuangalia tena kinachobaki. Ikiwa cha mwisho kubaki ni moja, basi namba hizo mbili hazina kipimo cha pamoja isipokuwa moja.

Anaendelea polepole. Kwenye hoja ya 31 ya kitabu cha saba anaonyesha kwamba namba yoyote isiyo tasa inapimwa na namba fulani iliyo tasa. Kama si tasa, kuna namba ndogo inayoipima. Kama nayo si tasa, kuna nyingine ndogo zaidi. Na kushuka huko hakuwezi kuendelea bila mwisho, kwa kuwa namba zina sakafu. Hoja hii anaiacha hapo. Kazi yake itakuja vitabu viwili baadaye.

Inakuja katika hoja ya 20 ya kitabu cha tisa. Anachukua namba tasa tatu, A, B na C, na anataka kuonyesha kwamba zipo nyingine nje ya hizo. Anachora mstari DE, namba ndogo kuliko zote zinazopimwa na hizo tatu kwa pamoja. Kwetu ni KDS, kigawe kidogo cha shirika. Kisha anauongeza kwa kipande kimoja tu, DF, ambacho ni moja. Mstari mzima sasa ni EF.

Ama EF ni tasa, ama si tasa. Ikiwa ni tasa, amepata namba tasa mpya. Ikiwa si tasa, ile hoja ya 31 inamhakikishia kwamba ipo namba tasa inayoipima, anaiita G. Je, G yaweza kuwa mojawapo ya zile tatu? Ingekuwa hivyo ingeipima DE, kwa kuwa zote tatu zinaipima. Na G inaipima EF pia. Kipimo kinachomaliza mstari mzima, kikamaliza na sehemu yake, lazima kimalize na kile kinachobaki. Kilichobaki ni moja, na hakuna namba inayoweza kuipima moja. Kwa hiyo G haimo kati ya A, B na C.

Wengi huisimulia hoja hii kana kwamba ukizidisha namba tasa na kuongeza moja utapata namba tasa. Euclid hakusema hivyo, na uangalifu wake una sababu. Chukua 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Zao lake ni 30,030. Ongeza moja upate 30,031, nayo si tasa: ni 59 mara 509. Njia zote mbili alizoziacha wazi, ya EF kuwa tasa na ya EF kutokuwa tasa, zilihitajika.

Elements imefika kwetu kupitia mikono mingine yenye subira kama yake. Karne ya 9 peke yake, Ishaq ibn Hunayn aliitafsiri kwa Kiarabu na Thabit ibn Qurra akaipitia upya. Na mwaka 888 mwandishi Stephanos alimaliza kunakili kwa mkono ile nakala ya Kigiriki iliyopo leo katika maktaba ya Bodleian, Oxford. Katika hoja kama hizi herufi moja ikikosewa, mstari mwingine ndio unaopimwa.

Ukiwa na kalamu karibu, jaribu mwenyewe. Chagua namba tasa zozote tatu, hata zisizofuatana. Tuseme 2, 7 na 11. KDS yake ni 154. Ongeza moja, utapata 155, ambayo ni 5 mara 31. Zote mbili ni tasa, na hakuna iliyokuwamo kati ya zile tatu.