LER ya 1.4: mkulima ameshinda nini hasa?

Ukifungua tasnifu inayohusu kuchanganya mahindi na mbaazi, kuna namba moja ambayo mara nyingi hubeba hitimisho zima: LER. Hata mimi niliitegemea kwenye utafiti wangu wa shahada ya uzamili, kwa hiyo leo najikosoa na mwenyewe humo humo.

Hebu tuone inavyofanya kazi, kwa mfano wa kubuni. Hekta ya mahindi peke yake inatoa tani 3, ya mbaazi peke yake tani 1. Ukichanganya, hekta moja inakupa mahindi tani 2.4 na mbaazi tani 0.6. Gawa 2.4 kwa 3 upate 0.8, gawa 0.6 kwa 1 upate 0.6. Jumlisha: 1.4. Yaani, kupata mavuno hayo hayo kwa kutenganisha mazao, ungehitaji hekta 1.4.

Wala si kiini macho. Mbaazi hukua taratibu mwanzoni, haigombanii sana mwanga na mahindi. Mahindi yakishavunwa, yenyewe inaendelea na maji yaliyobaki chini, kwa mizizi yake mirefu. Wakulima wa Babati wanalijua hilo vizuri.

Shida ni kwamba LER inajibu swali la ardhi tu, halafu sisi tunaisoma kana kwamba imejibu yote.

Anza na chakula. Kwenye mfano wetu, familia imepungukiwa kilo 600 za mahindi. Kama debe la unga ndilo linalowasumbua, hiyo 1.4 haiwashibishi.

Njoo kwenye jasho. Dawa nyingi za kuua magugu ya majani mapana kwenye mahindi zitaua na mbaazi, kwa hiyo unabaki na jembe la mkono. Siku za palizi haziingii kwenye LER. Mimi nilizihesabu, zikabaki kwenye daftari la shambani. Kwenye tasnifu hazimo.

Halafu soko. Agosti 2017, India, mnunuzi mkubwa wa mbaazi zetu, iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia nchini humo. Bei kwa wakulima wa Tanzania ikaporomoka. Shamba lenye LER ya 1.4 mwaka huo lilibaki na 1.4 yake, hata kama mbaazi zilikaa ndani ya magunia.

Kuna mtego mwingine, na huu watafiti wenzangu muuangalie. Tuseme shamba la mahindi peke yake ulilihudumia vibaya, likatoa tani 2 badala ya 3. LER inapanda hadi 1.8! Shamba la mchanganyiko halijabadilika hata kidogo. Ulichoharibu ni kile unacholinganisha nacho.

Sisemi tuitupe. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako vihamba vimegawanywa mpaka vimekuwa vidogo mno, swali la ardhi ndilo swali lenyewe. Ila penye ardhi ya kutosha na mikono michache, mambo ni tofauti. Tuandike LER, na pembeni yake kilo za kila zao, siku za kazi na hela iliyoingia.

Na wewe msomaji, ukiambiwa kuchanganya mazao "kumeongeza tija kwa asilimia 40", uliza: ukilinganisha na shamba gani, na palizi kafanya nani?