Kinasa, Kihifadhi au Mlinzi? Istilahi za Mitambo ya Kamera Katika Kijitabu Kimoja cha Upareni

Kijitabu kinachojadiliwa hapa kina kurasa 16 tu, na hakikuandikwa kwa nia ya kuhakikiwa. Kiliandikwa na kijana mmoja wa Mhezi, katika milima ya Upare, wilaya ya Same, ambaye pamoja na wenzake wawili ameanzisha kampuni ndogo ya kuunda mitambo ya kuhifadhia picha za kamera zinazofungwa madukani na maghalani. Hununua bodi na diski kutoka Dar es Salaam, huzifunga katika masanduku ya bati wanayoyakunja wenyewe, na programu inayouendesha mtambo wameiandika wao. Kwa kuwa mimi ni mjomba wake, na kwa kuwa nimefundisha Kiswahili miaka mingi, niliombwa nikisahihishe kabla hakijapigwa chapa. "Mjomba, ni nukta na mikato tu," aliniambia. Ndugu wasomaji, haikuwa nukta na mikato tu.

Tuanze na jina la mtambo wenyewe. Mafundi huuita DVR, herufi tatu zinazotamkwa Kiingereza hata na fundi asiyejua neno jingine la lugha hiyo. Kijitabu kinauita "kinasa picha", kwa kufuata mfano wa kinasa sauti, neno ambalo limekwisha kukaa katika kamusi zetu na halina mgogoro. Mfano ni mzuri. Tatizo ni kwamba haulingani na mtambo. Kinasa sauti cha zamani kilikuwa chombo kimoja: sauti iliingia humo na ikakaa humo. Katika mitambo hii vyombo ni viwili. Kamera iko juu ya mlango, sanduku liko chini ya meza ya mhasibu. Kitenzi kunasa, kwa sikio la Mswahili, ni kazi ya mtego na ulimbo, yaani kukamata pale pale kitu kinapopita. Kwa hiyo kinachonasa ni kamera. Mteja aliyesoma "hakikisha kinasa kimeelekezwa mlangoni" alilihamisha sanduku lote kutoka chini ya meza na kuligeuza litazame nje. Tulicheka, lakini kosa halikuwa lake.

Nilipendekeza "kihifadhi picha". Wataalamu wa vyakula watanipinga, kwani kwao kihifadhi ni dawa inayotiwa katika chakula kisioze. Hoja hiyo ina uzito, lakini nomino inayofuata huondoa utata, na hakuna atakayedhani kwamba picha zinatiwa chumvi.

Neno zito zaidi ni lile linaloeleza kazi ya mitambo hii. Magazeti husema "kamera za CCTV" na kuishia hapo. Mitaani yapo majina matatu: kamera za siri, kamera za usalama, kamera za ulinzi. La kwanza ni la ajabu, maana kamera iliyopigiliwa ukutani mbele ya macho ya kila mpita njia haina siri yoyote. La pili lina mzigo wa nchi yetu: mwambie mzee wa kijijini kwamba "watu wa usalama" wamekuja, kisha utazame uso wake. Kijana wetu alichagua la tatu, na ndilo linalotumiwa na wengi, hata inapotajwa mitambo mikubwa kama ile ya ukuta wa machimbo ya Mirerani, uliozinduliwa Aprili 2018, wenye urefu wa kilometa 24.5.

Lakini kulinda ni nini? Mlinzi wa usiku, hata akiwa na rungu moja na koti lililochakaa, anaweza kupiga kelele, kufukuza, au walau kukohoa ili mwizi ajue kwamba yupo mtu. Kamera haikohoi. Huona na kukumbuka, basi. Mwenye duka mmoja aliyenunua "mtambo wa ulinzi" alimwachisha kazi mlinzi wake mwezi uliofuata, kwa imani kwamba amenunua mlinzi mwingine asiyelala. Neno ndilo lililomshauri. Kwa sababu hiyo naona "kamera za uangalizi" ni afadhali, kwa kuwa tayari tuna waangalizi wa uchaguzi, na kila mtu anaelewa kwamba mwangalizi hutazama na kuandika taarifa, wala hamzuii mtu kupiga kura mara mbili.

Ipo na sababu ya kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na imeunda tume yake. Sura ya mtu iliyohifadhiwa katika diski ni taarifa inayomhusu mtu huyo, na anayeikusanya huitwa mkusanyaji mwenye wajibu wake. Tazama basi jinsi neno moja linavyovutwa pande mbili: kamera ya "ulinzi" humlinda mwenye mali dhidi ya watu, na sheria ya "ulinzi" huwalinda watu dhidi ya kamera hiyo hiyo. Mtumishi wa halmashauri atakayeandika waraka juu ya "ulinzi wa taarifa za mitambo ya ulinzi" atajikuta ameandika kitendawili. Sheria imekwisha kupitishwa na neno lake halitabadilika. Ni sisi wa upande wa kamera tunaopaswa kusogea.

Sasa nije kwenye ukurasa wa 9, ambao ulinikosesha usingizi. Katika ukurasa huo neno "kumbukumbu" limetumika kwa maana tatu: nafasi ya diski, picha zilizohifadhiwa, na orodha ya mambo ambayo mtambo umeyafanya, kama vile umeme kukatika na kurudi. Maelekezo yanasema: "Mtambo ukiwa mzito, futa kumbukumbu." Mwandishi alikusudia ile orodha. Karani wa ghala moja alilopelekewa mtambo wa majaribio, siku mbili baada ya magunia kupotea na kabla polisi hawajafika, aliona mtambo umekuwa mzito, akafuata maelekezo kwa uaminifu, akafuta picha zote. Alishukiwa yeye. Ilibidi kijana wetu ashuke hadi huko akaeleze kwamba karani alitii sentensi yake. Watafsiri tunapenda kusema kwamba msomaji ataelewa kutokana na muktadha; muktadha wa karani yule ulikuwa skrini yenye kitufe kimoja kilichoandikwa FUTA. Katika toleo lililosahihishwa tumeweka "nafasi ya diski", "picha zilizohifadhiwa" na "daftari la matukio", na neno kumbukumbu limeondolewa kabisa katika maelekezo hayo.

Karibu na hapo pana maneno "kurudia kuandika", tafsiri ya neno kwa neno ya jambo ambalo mnunuzi hana budi kulijua kabla hajalipa. Kamera moja inayotuma megabiti 2 kwa sekunde hujaza gigabaiti 21.6 kwa siku. Kamera nne hujaza 86.4. Diski ya terabaiti 1 basi hujaa katika siku 11 na ushei, na baada ya hapo picha za siku ya kwanza huanza kufutwa ili mpya zipate mahali. Hakuna msomaji awezaye kuyatambua hayo katika "kurudia kuandika", yanayomkumbusha mwanafunzi aliyeadhibiwa. Mzee mmoja wa Mhezi, alipoelezwa, alisema: "Kumbe ni ndiva." Wasomaji wa mbali wajue kwamba ndiva ni bwawa la asili la Wapare, hukusanya maji ya mfereji usiku, na mchana hufunguliwa yakamwagilie mashamba. Nilifurahi sana kulisikia, na kwa juma zima nilitaka kulitia katika kijitabu. Lakini halifai. Ndiva ikijaa, maji mapya ndiyo yanayomwagika. Katika mtambo huu za zamani ndizo zinazoondoka. Tukaandika kwa maneno ya kawaida: "Diski ikijaa, picha za zamani hufutwa ili kupisha mpya."

"Kinasa cha mtandao", kwa mtambo unaopokea picha kutoka kamera zenye kuzichakata zenyewe, kiliwafanya wateja wawili waulize bando la intaneti litagharimu kiasi gani kwa mwezi. Mtandao unaokusudiwa ni nyaya za ndani ya jengo. "Mtandao wa ndani" unatosha.

Kuhusu nywila sina ugomvi na neno, ingawa wengi bado husema neno la siri. Ugomvi wangu ni kitenzi. Kijitabu kinasema: "Unaweza kubadilisha nywila ya kiwandani." Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliteka kamera na mitambo ya aina hii kwa maelfu, kwa kujaribu tu orodha fupi ya nywila za kiwandani ambazo wenyewe hawakuzibadilisha, na Oktoba mwaka huo ikavitumia vyombo hivyo kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, hata tovuti mashuhuri zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. "Unaweza" ni ruhusa. Hapa panahitajika "lazima", na bora zaidi programu yenyewe ikatae kufanya kazi hadi nywila ibadilishwe. Hilo la pili si la mhariri, lakini nililisema, na kijana amelifanya.

Jambo moja nilishindwa. Masanduku ya kwanza yamekwisha kupigwa rangi, na ubavuni yameandikwa kwa herufi kubwa: MLINZI. Nilimsomea mpwa wangu hoja zangu zote za uangalizi, akasikiliza kwa adabu, kisha akasema jina hilo ndilo linalouza, na bati halirudishwi dukani. Tumekubaliana kwamba ndani ya kijitabu, ukurasa wa kwanza, patakuwa na sentensi isemayo kuwa mtambo huu hauzuii wizi, na kwamba mwenye mlinzi wa usiku asimwachishe kazi.