TAARIFA YA BEVERIDGE NA SWALI LA POSHO YA NYONGEZA

Miongoni mwa maandiko ambayo wanafunzi wa siasa huyataja wanapojadili hifadhi ya jamii katika nchi za kibepari, Taarifa ya William Beveridge, iliyotolewa Uingereza Desemba 1942, ina nafasi ya pekee. Wapo wanaoisifu kana kwamba ilifuta umaskini. Wapo wanaoitupa kwa neno moja, hila ya mabwanyenye. Kwa maoni yetu, pande zote mbili zinakwepa kazi ya uchambuzi.

Beveridge hakuwa msoshalisti; alikuwa mliberali. Hata hivyo alijua jinsi wafanyakazi wa Uingereza walivyouchukia uchunguzi wa mapato ulioanza 1931, ambapo hata mshahara wa mtoto ulihesabiwa ili kupunguza posho ya baba asiye na kazi. Alipendekeza bima: mfanyakazi achangie, na akizeeka, akiugua au akikosa kazi, alipwe kwa haki, bila kudodoswa. Msaada wa kupimwa mapato ungebaki kwa wachache, tena ungezidi kupungua. Madai haya yalikuwa ya kimaendeleo, na wafanyakazi walifanya sawa kuyaunga mkono.

Lakini nadharia hupimwa kwa matokeo. Mfumo ulipoanza tarehe 5 Julai 1948, pensheni ya mtu mmoja ilikuwa shilingi 26 za Kiingereza kwa wiki. Msaada wa Taifa, uliotolewa baada ya kupimwa mapato, ulikuwa shilingi 24, na juu yake iliongezwa kodi ya nyumba. Basi mzee asiye na kipato kingine, aliyelipa kodi ya zaidi ya shilingi 2, alikuwa tayari chini ya kiwango cha chini kilichowekwa na serikali yenyewe. Mwishoni mwa 1948 posho za Msaada zilikaribia milioni 1; kufikia 1965 zilikaribia milioni 2. Nyingi zilikwenda kwa watu waliokuwa wakipokea mafao ya bima. Kilichokusudiwa kuwa kiraka kikawa ndiyo nguo.

Chanzo ni nini? Beveridge alitaka mchango ulio sawa kwa wote. Mchango wa namna hiyo hauwezi kupita uwezo wa mfanyakazi wa mshahara wa chini. Kwa hiyo na mafao hubaki duni. Aligusa ugawaji wa mapato baina ya wafanyakazi wenyewe, asiguse vya kutosha ugawaji baina ya matabaka.

Watetezi wa upimaji husema kwamba fedha chache ziende kwa wahitaji hasa. Hoja hii inavutia, lakini haijibu swali la wale wasiofika dirishani. Mwaka 1966 jina la Msaada lilibadilishwa ili kuondoa aibu, aibu haikuondoka. Leo, kwa makisio ya serikali ya Uingereza, karibu theluthi ya familia za wazee zinazostahili nyongeza ya pensheni iliyoanzishwa 2003 haziipati, kwa kuwa haziombi. Mwaka 2024 serikali ilipofungamanisha posho ya kuni na umeme wa baridi na nyongeza hiyo, mamilioni ya wazee waliikosa, wakiwamo maskini wasioomba. 2025 ikalazimika kurudi nyuma.

Zanzibar ilipoanzisha Pensheni Jamii Aprili 2016, kila mkazi mzee wa miaka 70 na zaidi aliyetimiza masharti ya ukaazi alipewa shilingi 20,000 kwa mwezi bila kupimwa mapato. Njia hiyo ni sahihi. Hata hivyo funzo la Uingereza linabaki: haki isiyotosha chakula na pango humrudisha mzee kwenye foleni ya kuomba.

Kwa hiyo kada anapochunguza mpango wowote wa hifadhi ya jamii, asiishie kuhesabu wanaolipwa. Ahesabu pia wangapi kati yao, baada ya kulipwa, bado wanahitaji nyongeza. Idadi hiyo ndiyo hukumu ya mpango wenyewe.