Karata za Siku Tano katika Saa Saba

Mchezo wa karata uitwao poka haukuzaliwa huku kwetu, wala sina nia ya kuufundisha. Lakini vijana wa Runingu na wa Uvira huuona katika simu na katika nyumba za video, kisha wengine hukaa chini ya mwembe wakitaka kufanya kama walivyoona, na franka zimewekwa mkekani. Basi inafaa tuulize: wameona nini hasa? Mimi nasema wameona kitu kingine, si mchezo wenyewe.

Tuchukue mashindano makubwa ya mwaka 2003, huko Las Vegas, Marekani. Waliingia watu 839, na kiingilio kilikuwa dola 10,000. Walicheza siku tano. Mshindi, Bwana Chris Moneymaker, alikuwa mtu wa hesabu kutoka Tennessee. Nafasi yake aliipata kwa mchezo wa awali katika intaneti, kwa fedha isiyofika dola mia. Akaondoka na dola 2,500,000. Televisheni ya ESPN ikayafanya mashindano hayo vipindi saba vya saa moja moja, tena pamoja na matangazo ya biashara. Watu wakavipenda mno. Mwaka uliofuata wakaja wachezaji 2,576, na mwaka 2006 wakafika 8,773.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Meza moja hugawa karata kama mara 30 kwa saa. Kwa saa kumi ni migawo 300, na hiyo ni meza moja tu, kwa siku moja tu. Katika migawo hiyo mchezaji mwenye akili hufanya nini? Hutazama karata zake mbili, huona hazifai, huzitupa. Hugawiwa tena, hutupa tena. Saa zinapita naye amekaa tu, akiwachungua wenzake na kutunza mali yake isipungue. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na hiyo ndiyo iliyokatwa karibu yote. Iliyobaki ni ile migawo ambayo mtu amesukuma mali yake yote katikati ya meza, na mwenzake anatokwa jasho.

Ni kama mtu akipiga picha za wavuvi wetu wa ndagala, akaonyesha tu wavu unavyopandishwa umejaa. Hakuonyesha jinsi wanavyongoja taa ziwavute samaki, wala upepo wa usiku, wala zile siku za mbalamwezi ambapo mitumbwi inalala pwani. Mtu wa mbali akiitazama picha hiyo atasema, Kumbe watu wa Tanganyika ni matajiri!

Sisemi kwamba kufupisha ni kosa. Kila msimulizi hufupisha. Bibi akisimulia safari ya sungura hahesabu hatua zake. Lakini bibi hasemi kwamba sungura aliruka mto kwa sababu hatua hazikuwapo. Tena wale wanaokata picha za karata wamekwisha kumjua mshindi kabla ya kuanza kukata. Kwa hiyo wanamtafuta yeye, na wengine wanapita kama kivuli ukutani. Mwaka ule wa 2003 watu zaidi ya mia saba walirudi kwao bila hata senti moja ya zawadi. Nani aliwatazama? Picha ya mtu anayechukua kofia yake na kuondoka siku ya kwanza haiuzi sabuni.

Liko jambo jingine, nalo naona ni kubwa kuliko hilo. Zamani poka katika televisheni ilikuwa haina ladha, maana karata za wachezaji zimefichwa. Ndipo Henry Orenstein, mzaliwa wa Poland aliyeokoka katika kambi za Wanazi na baadaye akawa mtengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto Marekani, akavumbua meza yenye kamera ndogo zinazoona karata hizo. Hati ya uvumbuzi aliipata mwaka 1995. Akili yake naistahi. Lakini tangu hapo mtazamaji anajua asiyoyajua mchezaji. Siku ya mwisho ya mwaka 2003, Moneymaker alibaki na Bwana Sam Farha peke yao. Katika mgawo mmoja Moneymaker hakuwa na kitu ila mfalme, na Farha alikuwa na jozi ya tisa. Moneymaker akasukuma vyote. Farha akawaza sana, akatupa karata zilizokuwa zinashinda. Kijana anayetazama anapiga makofi na kumcheka Farha, maana yeye anaziona karata zote nne. Akifika chini ya mwembe anaziona mbili tu, lakini ushujaa amebaki nao ule wa mtu aonaye nne.

Sisi Wakongo tunayo mfano wa kulinganisha. Tarehe 30 Oktoba 1974 Muhammad Ali alipigana na George Foreman huko Kinshasa, katika uwanja ambao leo unaitwa Tata Raphaël, kwa jina la Padre Raphaël de la Kethulle wa Scheut. Ilikuwa kama saa kumi za usiku; kwetu Uvira saa kumi na moja. Pigano lilikuwa liwe Septemba, lakini Foreman alichanika juu ya jicho akijizoeza, wote wakangoja zaidi ya mwezi. Senema ya Leon Gast, *When We Were Kings*, iliyotoka mwaka 1996, nayo imefupisha sana. Lakini haikuficha kungoja. Watu wanakaa, wanaongea, wanachoka, na pigano lenyewe la raundi nane linakuja mwishoni. Hapo naisifu. Ninailaumu kwa jingine: wasimulizi wake wakuu ni Waamerika, hasa waandishi Norman Mailer na George Plimpton, na watu wa Kinshasa wamebaki sauti ya umati inayoimba. Mkasi ulipita juu ya wenyeji.

Kwa poka, mwaka 2011 ESPN ilijaribu kuonyesha sehemu kubwa ya mashindano yale, kwa kuchelewa kidogo tu ili mtu asipelekewe habari mezani. Mtazamaji akaona migawo mfululizo ikitupwa, watu wazima wakikaa kimya na kuchezea vipande vyao. Wengine walinung'unika kwamba inachosha. Hiyo ndiyo poka, na laiti ningeweza, vijana wa chini ya mwembe ningewaonyesha ile, saa kumi zote, bila kuwaruhusu kuondoka kabla ya chakula cha jioni.