Tancut Almasi ya Iringa: Jina, Wimbo na Mwisho wa Bendi

Aghalabu watu wanapoeleza kuanguka kwa bendi ya dansi, lawama huwaangukia wanamuziki wenyewe: hawakuwa na umoja, walipenda ulevi, walikimbilia fedha za mjini. Maelezo hayo ni mepesi mno, wala hayatoshi kueleza habari ya Tancut Almasi Orchestra, bendi ya Iringa iliyovuma katika miaka ya 1980. Kuinuka kwake na kuanguka kwake hufahamika vema zaidi kwa kulitazama jina lake.

Tancut ni kifupisho cha jina la kampuni ya umma iliyokuwa ikikata almasi mjini Iringa. Silabi ya kwanza yatokana na jina la nchi. Ya pili ni kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kukata, nayo inakomea konsonanti, jambo lisilo la kawaida katika silabi ya Kiswahili. Nyuma yake limewekwa neno almasi, lililopokewa zamani kutoka Kiarabu, kana kwamba kumfasiria msikilizaji. Katika jina zima hakuna mji wala mwanamuziki anayetajwa. Jina ni la mwajiri. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya wakati ule. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Bima Lee ilikuwa ya shirika la bima. Mlimani Park, iliyozaliwa mwaka 1978, ilitanguliziwa herufi DDC ilipoingia mikononi mwa Shirika la Maendeleo Dar es Salaam mwaka 1983. Mwajiri alinunua vyombo na kulipa mishahara, naye mwimbaji akawa mtumishi.

Wako wasemao kwamba bendi za namna hiyo zilikuwa vipaza sauti vya serikali tu. Hukumu hiyo ni nusu ya kweli. Nyimbo za kusifu zilitungwa, lakini mshahara huo huo ndio uliowawezesha mapacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, wenye asili ya Kongo, kuimba katika mji wa nyanda za juu, mbali na kumbi za Dar es Salaam. Waimbaji hao na wasikilizaji wao Wahehe na Wabena hawakuwa na lugha moja ya mama. Kiswahili ndicho kilichowakutanisha. Hata huko Nyololo, katika barabara kuu iendayo Mbeya, mahali inapochepuka njia ya kiwanda cha karatasi cha Mgololo, sauti ya bendi ya Iringa ilifika kwa mawimbi ya Redio Tanzania Dar es Salaam.

Ubora wa lugha yao waonekana hata katika anwani ya wimbo wao mashuhuri, «Nimemkaribisha Nyoka». Kiambishi -me- chaeleza tendo lililokwisha kutendeka ilhali matokeo yake yapo bado: nyoka amekwisha kuingia. Kiambishi -m- chamweka nyoka katika upatanisho wa viumbe wenye uhai, pale pale anapowekwa mgeni wa kibinadamu. Na kitenzi karibisha, ambacho ndani yake limo neno karibu, chabeba adabu yote ya nyumba ya Mswahili. Kwa maneno mawili tu, ukarimu umegeuzwa kuwa msiba, na mwenye kulalamika ndiye mwenye kosa. Walakini yafaa kusema pia kwamba katika sehemu ya pili ya nyimbo za dansi, iitwayo chemko, gitaa hutawala na maneno hupungua yakawa majina ya wapigaji na ya mtindo. Bendi hii haikuepukana na desturi hiyo, na hapo mshairi humpisha mchezaji.

Nchi ilipoafikiana na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, na hasa tume ya kurekebisha mashirika ya umma ilipoundwa mwaka 1992, kampuni za umma zilianza kuulizwa faida yake, na bendi haikuwa faida iliyoandikika katika daftari la hesabu. Mwajiri alipodhoofika, jina lilibaki bila mwenyewe. Morogoro ilikwisha kuonyesha anguko la namna nyingine: Super Volcano ilitegemea nguvu za Mbaraka Mwinshehe, naye alifariki mwaka 1979. NUTA Jazz, kwa upande wake, iligeuka kuwa JUWATA, kisha OTTU, na hatimaye ikajiita Msondo Ngoma, yaani jina la mtindo ambalo wapenzi wake walikuwa wakilitumia siku zote. Tancut nayo ilikuwa na mtindo wake, Fimbo Lugoda, lakini mtindo huo haukupata kurithi nafasi ya jina la kampuni.

Kwa hiyo kilichoanguka Iringa ni ajira, utungo haukuanguka. Nyimbo zilizorekodiwa redioni zahitaji kunakiliwa neno kwa neno, pamoja na matamshi na lafudhi za waimbaji, maana humo umo ushahidi wa Kiswahili kilichosemwa na wageni na wenyeji kwa pamoja. Kazi hiyo yapasa kufanywa sasa, wangali hai wale waliozicheza nyimbo hizo na wawezao kueleza kila neno lilikuwa na maana gani kwao.