Benson Wanjau na Ulimi wa Kuazima

Katika nchi ambayo jina la ukoo hutosha kumpangia mtu kura, Benson Wanjau aliishi zaidi ya miaka 30 kwa jina la kabila lisilo lake. Wakenya walimwita Mzee Ojwang', na wengine wakaongezea Hatari. Alipofariki Julai 12, 2015, akiwa na umri wa miaka 78, kuna waliolisikia jina la Wanjau kwa mara ya kwanza wakabisha kabisa. Huyu? Mkikuyu? Haiwezekani bwana, Ojwang' ni Mjaluo wetu.

Nadhani hakuna sifa kubwa zaidi ambayo mwigizaji anaweza kupewa. Lakini nikiwa hapa Garsen, ambako barabara ya kutoka Malindi hugawanyika, moja ikaelekea Lamu na nyingine Hola na Garissa, sifa hiyo huniachia swali. Ikiwa Mkikuyu aliweza kuwa Mjaluo wa taifa zima, mbona hakuna aliyewahi kuwa Mpokomo wa taifa, au Muorma?

Tuanze na kazi yenyewe. Wanjau alionekana katika Vitimbi na Vioja Mahakamani, vipindi vya kituo kilichoitwa Sauti ya Kenya na ambacho tangu 1989 ni KBC. Wengi wakimwiga hadi leo huanza na zile "sh" zinazogeuka "s": samba badala ya shamba, sida badala ya shida. Hilo mtoto wa darasa la tatu analiweza. Kigumu ni mwendo wa sentensi. Ojwang' alizungumza kama mtu aliyezoea kusikilizwa. Alianza juu, akasimama kidogo kutazama kama mmesikia, kisha akamalizia kwa neno moja zito hata kama jambo lenyewe ni la shilingi kumi. Ile fahari ndiyo iliyochekesha, maana sisi watazamaji tulishajua kwamba mfuko ni mtupu na kwamba Mama Kayai, yaani Mary Khavere, yuko njiani kuja kumuumbua.

Wala hakuwa peke yake katika kuazima ulimi. Ondiek Nyuka Kwota, mshtakiwa asiyeisha kesi pale Vioja Mahakamani, aliigizwa na Hiram Mungai, na jina hilo linajieleza. Kwa hiyo tulikuwa na televisheni ya serikali ambamo makabila yalivaliana ngozi kila wiki, na siku ya pili watu wakaenda kazini wakicheka pamoja.

Sasa, wapo wanaosema vichekesho vya lafudhi ni kejeli tu iliyopakwa mafuta. Sitawapuuza. Ukiketi kutazama wachekeshaji wengi wa jukwaani wa siku hizi, unapewa lafudhi tano kwa dakika tano: Mkikuyu anapenda pesa, Mjaluo anajigamba, Mluhya anakula, Mkamba sijui nini, basi, makofi. Hapo hakuna mtu. Kuna orodha.

Mimi nina kipimo kimoja, na sidhani ni cha kitaalamu sana. Mvue mhusika lafudhi, halafu utazame kama kumebaki mtu. Ukimvua Ojwang' lafudhi anabaki mzee mwenye hila ndogondogo, anayeogopa aibu kuliko anavyoogopa njaa, anayegombana na mkewe na hawezi kukaa bila yeye. Papa Shirandula wa marehemu Charles Bukeko, aliyeanza Citizen TV mwaka 2007, naye anapita kipimo hicho. Mlinzi wa lango anayetoka nyumbani na suti ili mkewe aamini kwamba anafanya kazi ofisini si kichekesho cha Waluhya. Ni kichekesho cha mwanamume yeyote aliyewahi kudanganya kuhusu mshahara wake. Lafudhi ni mlango tu, na nyumba iko ndani.

Hebu sasa tuulize ni nani aliyefunguliwa mlango huo. Katika vipindi nilivyovitaja, sikumbuki mhusika hata mmoja wa kudumu aliyetoka Tana River. Simkumbuki Mpokomo, Muorma, Mmunyoyaya wala Mwardei. Na jambo hili ni la ajabu ukizingatia jinsi mto wetu ulivyokuwa ndani ya televisheni hiyo. Wimbo wa taifa uliopigwa kituo kikifunga matangazo umejengwa juu ya sauti ya wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea mtoto. Umeme uliowasha taa za Nairobi, kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo, ulitoka katika mabwawa ya huku huku Tana: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga, Kiambere. Tulitoa sauti, tukatoa mwanga. Uso ndio haukuhitajika.

Mtu anaweza kusema, afadhali. Kutochekwa ni heshima. Sivyo. Asiyechekwa na taifa hubaki kujulikana kwa habari peke yake, na habari zetu mnazijua. Ni mafuriko yanayokata barabara, kama yalivyofanya tena Novemba 2023. Ni ukame. Halafu ni mwaka 2012. Agosti mwaka ule watu zaidi ya 50 waliuawa Riketa. Septemba ikawa Kilelengwani, Desemba Kipao. Mpaka mambo yanatulia, waliokufa walikuwa zaidi ya 100, wakulima na wafugaji, Wapokomo na Waorma. Kwa Wakenya wengi hiyo ndiyo mara ya kwanza kuyasikia majina haya mawili yakitamkwa kwenye televisheni, na yalitamkwa pamoja na idadi ya maiti.

Mtazamaji wa Nakuru au Kisii hakuwa na kitu kingine cha kuweka kando ya picha zile. Hakuwa amewahi kumwona Mpokomo akibishana na mkewe kuhusu bei ya ndizi. Hakuwa amemwona mama wa Kiorma aliyeleta maziwa sokoni Garsen akimkatalia mteja anayetaka mkopo wa tatu. Kwa hiyo alichokiona ni makabila mawili ya mbali yanayochinjana, kama kwamba hiyo ndiyo kazi yao. Akabadilisha stesheni.

Najua nitaulizwa: je, Ojwang' aliwasaidia nini Wajaluo? Nchi nzima ilimpenda, na bado baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 majirani waliulizana majina barabarani. Swali hilo ni la haki na sina jibu la kulifuta. Kicheko hakizuii panga. Anayedai kwamba kipindi cha nusu saa kinaweza kuleta amani hajawahi kuwa mahali ambapo amani imevunjika.

Lakini kuna kazi ndogo zaidi ambayo kicheko hufanya, nayo ni kumfanya mtu awe mgumu kusahaulika. Wanjau alipozidiwa na maradhi ya macho, Wakenya wa makabila yote walichanga pesa akatibiwe. Na alipofariki, aliyeombolezwa ni mzee wa Kijaluo ambaye hakuwapo, ndani ya mwili wa mzee wa Kikuyu aliyekuwapo. Sijui kifo kingine nchini kilichochanganya hesabu za ukabila namna hiyo.

Na mchango ule tusiupite hivi hivi. Mtu aliyechekesha taifa kwa zaidi ya miaka 30 hakupaswa kutegemea harambee ili apone macho. Tulimpenda kama babu na tukamlipa kama mgeni. Kwa hiyo ninapotamani Tana River ipate Ojwang' wake, sitamani apate na uzee ule.

Tena sitamani apatikane vyovyote vile. Ninaogopa Muorma wa kwanza kwenye skrini atakuwa mtu mwenye fimbo anayesimama nyuma bila neno, na Mpokomo wa kwanza atakuwa mtu anayepanda mtumbwi ili wengine wapate mandhari. Hiyo pia ni orodha.

Mtindo wa Vioja Mahakamani ungetufaa zaidi ya kabila lolote lililopitia pale. Ugomvi wetu mkubwa ni wa njia: mfugaji anataka malka, ile njia ya kupeleka ng'ombe mtoni, na mkulima amepanda mahindi papo hapo. Waweke wazee wawili mbele ya hakimu. Ng'ombe amekula mahindi, hilo halina ubishi. Mmoja anataka alipwe mahindi, mwingine anataka alipwe ng'ombe aliyekatwa kwa panga. Mnamo dakika ya kumi igundulike kwamba wazee hawa wamekunywa chai meza moja kwa miaka 20 na kwamba kila mmoja anajua madeni ya mwenzake. Hakimu achanganyikiwe. Watu wacheke, na wakicheka watakuwa wameelewa malka ni nini, jambo ambalo taarifa zote za mwaka 2012 hazikuwaeleza vizuri.

Na ikiwa mtakosa Muorma wa kuigiza Muorma, mpeni Mpokomo. Nasema hivyo nikijua watakaokasirika hapa hapa Garsen, pande zote mbili. Lakini huo ndio urithi hasa wa Benson Wanjau. Kuazima ulimi wa jirani kwa miaka 30, na kuurudisha bila ya kuuvunja, kunahitaji kumsikiliza jirani huyo kwa muda mrefu sana. Mpokomo atakayeiweza sauti ya mzee wa Kiorma atakuwa amekaa naye. Atakuwa anajua mzee yule huanza vipi sentensi anapoona haya, na hunyamaza wapi anapodanganya.